AGOA, charahani 40 na kikundi cha Wete

Swali limetoka kwa msomaji wa Wete, Pemba. Nimelifupisha kidogo:

"Assalamu alaykum. Sisi ni kikundi cha wanawake washonaji 23. Tunashona sare za skuli na madera, na wengine wetu wanadarizi kofia za mkono. Amekuja mtu kutoka Unguja, anatutaka tukope tununue charahani 40 za kiwandani ili tuwe tayari kwa oda za Marekani. Anasema nguo za Tanzania zinaingia huko bila ya ushuru kwa mpango wa AGOA, kiwanda kikubwa kitajengwa Micheweni na sisi tutakuwa tawi lake. Mwanangu anasema AGOA imeshakufa. Tukope au tusikope? Na lebo tuandike imetengenezwa Zanzibar?"

Wa alaykum salaam, dada yangu. Jibu nalitoa mwanzo, kwani najua kuna mtu anakusubirini na karatasi mkononi: msikope charahani 40 kwa kutegemea AGOA. Sisemi msiuze nje, wala sisemi huyo mgeni wenu ni tapeli. Inawezekana kabisa anaamini anachokisema. Lakini mwanao amekosea kidogo, na mgeni wenu amekosea zaidi.

AGOA ni sheria ya Marekani. Rais Bill Clinton aliitia saini Mei 2000, na inaruhusu bidhaa nyingi za nchi za Afrika kusini mwa Sahara kuingia kwao bila ushuru wa forodha. Mwaka 2015 iliongezwa miaka kumi. Ikamaliza muda wake tarehe 30 Septemba 2025, Bunge lao likiwa halijaihuisha, na kwa miezi minne nguo za Afrika zikawa zinalipiwa ushuru kama za mtu mwengine yeyote. Februari 2026 ikahuishwa, tena kwa kurudi nyuma hadi siku ile ilipokatika. Ila mwisho wake mpya ni 31 Desemba 2026. Kwa hiyo haijafa. Imeongezewa miezi.

Sasa pima miezi hiyo na mwendo wa nguo. Oda ya nguo haiji kama oda ya chapati. Mnunuzi wa Marekani huchora, akataka sampuli, akaikataa, akataka nyengine, kitambaa kikaagizwa China au India, kikasafiri, kikakatwa, kikashonwa, kikapakiwa kontena, kikasafiri tena baharini wiki kadhaa. Miezi sita hadi tisa imekwenda. Anayekaa leo kupanga oda anatazama kalenda na kujiuliza mzigo utatia nanga kabla ya tarehe ile au baada yake. Akiwa na shaka, oda anaipeleka Bangladesh au Vietnam, ambako ushuru upo lakini anaujua ni kiasi gani.

Na huo ushuru uliolipwa katika miezi minne ile, ambao sheria imeruhusu urudishwe, unarudi kwa nani? Kwa aliyelipa, yaani muagizaji wa kule. Kiwanda cha Afrika kilichokubali kushusha bei ili mnunuzi asikimbie, hakuna dirisha la kwenda kudai. Hapo ndipo penye siri ya mambo haya yote, na naomba nikae hapo kidogo.

Watu wanazungumza kuhusu AGOA kama vile ni soko, au ni fedha. Ni punguzo, na punguzo lenyewe anapewa anayenunua. Wewe unafaidika kwa sababu moja tu: kwamba yule mnunuzi, kwa kuwa hatolipa ushuru, yuko tayari kununua kwako ijapokuwa wewe ni ghali au uko mbali. Hebu tufanye hesabu ya suruali moja. Suruali ya pamba ikiingia Marekani ushuru wake wa kawaida ni asilimia 16.6. Fulana ya pamba ni asilimia 16.5. Fulana ya nyuzi za viwandani, ile jezi ya michezo inayoteleza, ni asilimia 32. Tuseme (mfano wangu tu) suruali inatoka bandarini kwetu kwa dola 5. Ushuru wake ni senti 83. Mtu atasema senti 83 katika dola 5 si kitu. Lakini hizo dola 5 si zako. Kitambaa kimechukua yake, zipu, vifungo, lebo, mfuko wa nailoni, katoni, usafiri. Kinachobaki kwa kukata na kushona tuseme ni dola 1 na senti 20, na humo humo mna mshahara, umeme, kodi ya jengo na faida. Siku msamaha ukiondoka, mnunuzi atakwambia zile senti 83 zitoke kwako. Zimebaki senti 37.

Ukifanya hesabu hiyo hiyo kwa jezi ya dola 5, ushuru ni dola 1 na senti 60. Umeshakula ujira wote wa kushona na bado unadaiwa. Ndiyo maana kila AGOA inapokaribia kuisha viwanda vya Lesotho, Kenya na Madagascar vinapiga kelele kama nyumba inayoungua, wakati muuza kahawa hata hana habari. Kahawa mbichi Marekani haina ushuru wa kawaida, iwe na AGOA au isiwe nayo. Nguo ndizo zinazotozwa sana, kwa hiyo nguo ndizo zinazoishi kwa msamaha.

Kuna jambo moja mgeni wenu yuko sahihi, na nisimnyime haki yake. Wengi hudhani lazima kitambaa kitoke kwetu. Si hivyo. Nchi zenye kipato cha chini zaidi katika AGOA, na Tanzania imo, zinaruhusiwa kushona kwa kitambaa kilichotoka popote duniani na nguo ikahesabika ya kwao. Kipengele hicho ndicho kilichojenga viwanda vyote vya nguo mnavyovisikia. Kingeondolewa kesho na AGOA yenyewe ikabakia, viwanda vingi vingefungwa vile vile, kwani vitambaa vya kutosha havifumwi Afrika. Pamba yetu ya Shinyanga na Simiyu sehemu kubwa inauzwa nje ikiwa bado pamba, kisha tunanunua kanga iliyofumwa na kuchapwa India. Miaka 25 ya msamaha haikubadilisha hilo kwa kiasi cha kutajwa, na mimi naona ndiyo kasoro yake kubwa. Mtu akiruhusiwa kununua kitambaa popote, na hajui kama mwakani bado ataruhusiwa kuuza, atawekeza kwenye charahani ambazo anaweza kuzifunga na kuzihamisha. Kinu cha kusokota na kufuma hakihamishiki, na mkopo wake ni wa miaka kumi na tano.

Bara wapo wanaofanya kazi hii kweli. Kiwanda cha Tooku kiko Mabibo, Dar es Salaam, katika eneo maalumu la kiuchumi la Benjamin William Mkapa, kinashona jinzi. Cha Mazava kiko Morogoro, kinashona nguo za michezo. Vyote vina wenyewe wa nje, wanunuzi wao waliwajua kabla ya kufika Tanzania, na mafundi wao wanahesabiwa kwa maelfu. Hilo ndilo umbo la biashara hii. Mnunuzi hataki fundi hodari, anataka suruali laki moja zinazofanana. Kikundi cha watu 23 hakiingii humo kama muuzaji. Kinaingia kama mkono wa mtu, na mkono hauwekewi mkataba.

Micheweni nimeisikia tangu nina nywele nyeusi. Fumba ya Unguja na Micheweni ya huko kwenu Pemba zilitengwa kuwa maeneo huru ya kiuchumi tangu miaka ya 1990. Fumba leo ukienda utakuta nyumba za kuuza kuliko utakavyokuta viwanda vya kuuza nje. Sisemi kiwanda Micheweni hakiwezekani. Nasema kontena la kitambaa linalotoka Asia kwa kawaida halishuki Pemba. Linapita kwengine, Dar es Salaam, Tanga au bandari ya Malindi ya Unguja, likasubiri, likapakiwa upya, ndipo likaja, na suruali zikirudi zinafuata njia ile ile. Kila kituo kina ada yake na kina siku zake. Umeme angalau si kama zamani. Kabla ya waya wa baharini kutoka Tanga kufika mwaka 2010, Pemba ilikuwa ya jenereta, na kiwanda cha nguo kisingefikirika kabisa.

Tuje kwenye hatari ya pili, ambayo mwanao ameihisi bila ya kuitaja. Hata AGOA ikiongezwa miaka mitatu, nchi moja moja inaweza kutolewa mwaka wowote. Kila mwaka Rais wa Marekani anaamua nani anastahiki. Madagascar ilipopata mapinduzi 2009 ilitolewa kuanzia 2010, ikarudishwa 2014. Ethiopia ilijenga eneo la viwanda la Hawassa kwa ajili hasa ya nguo za kuuza nje. Vita vya Tigray vikaja, na tarehe 1 Januari 2022 ikatolewa. Kampuni kubwa ya Marekani iliyokuwa nguzo ya eneo hilo, PVH, ilitangaza kuondoka hata kabla ya tarehe kufika. Msichana aliyekuwa akitia zipu Hawassa hakupigana vita na mtu. Uganda ilitolewa kuanzia 2024.

Kisa cha Rwanda ndicho kinachonichekesha na kunikera kwa pamoja. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kuiondoa mitumba taratibu ili viwanda vya nguo vya nyumbani vipate pumzi. Rwanda ikapandisha ushuru wa mitumba kutoka senti 20 za dola kwa kilo hadi dola 2 na senti 50. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, na mwaka 2017 Rwanda, Uganda na Tanzania zikawekwa mezani zichunguzwe kama bado zinastahiki AGOA. Sisi na Uganda tukarudi nyuma. Rwanda haikurudi, na mwaka 2018 msamaha wa nguo zake ukasitishwa. Kwa hiyo ukipita soko la Darajani, Unguja, ukiona marobota yanafunguliwa, ujue yale marobota na hizo charahani 40 zenu zinajuana. Huwezi kuuza shati jipya kule bila ya kukubali shati kuukuu la kule.

Na Desemba 2025 Marekani ilitangaza kuwa inaupitia upya uhusiano wake wote na Tanzania. Mimi si mwanasiasa na sitabiri. Ninachojua ni kwamba mtu wa benki akiisoma habari hiyo hatoi mkopo wa miaka mitano kwa kutegemea msamaha huo. Basi na nyinyi msiuchukue.

Juu ya hayo kulikuwa na ushuru wa ziada alioutangaza Rais Trump Aprili 2025. Lesotho, nchi ndogo kuliko wengi wanavyodhani na ambayo jinzi ndizo tegemeo lake, iliandikiwa asilimia 50, baadaye ikateremshwa hadi 15. Tanzania iliandikiwa 10. Ushuru huo ulipanda juu ya AGOA. Kuwa mwanachama hakukumkinga mtu. Baadaye ulipandishwa, ukashushwa, ukafikishwa mahakamani, na Februari 2026 Mahakama ya Juu ya kwao ikaubatilisha, ukawekwa mwengine badala yake, na sitaki kukupa asilimia ya leo ambayo kesho itakuwa si yenyewe.

Wazee wa Pemba hawahitaji kuelezwa haya. Kwa miaka mingi mnunuzi mkubwa wa karafuu zetu alikuwa Indonesia, kwa ajili ya sigara zao za kretek. Wao wakapanda mikarafuu yao, na miaka ya 1980 walipojitosheleza bei ya dunia ikaporomoka. Waliokuwa wamekopa juu ya karafuu walibaki na deni na mashamba. Tofauti ni kwamba mkarafuu unasubiri. Charahani ya mkopo haisubiri, na hata mkopo wenyewe ukiwa wa murabaha usio na riba, tarehe ya kulipa ni tarehe.

Nikueleze pia upande wa makaratasi, kwa sababu mgeni wenu bila shaka hakuutaja. Nimefanya kazi miaka mingi katika uwakala wa forodha. Nguo haiingii kwa AGOA kwa kusema tu imetoka Tanzania. Inahitaji viza yake, kama mtu. Ni muhuri wa duara, wa wino wa buluu, unaogongwa na mamlaka ya serikali kwenye uso wa ankara halisi, si nakala. Ndani yake mna namba: tarakimu moja inayoonyesha nguo iko kundi gani, halafu herufi TZ, halafu tarakimu sita. Kisha tarehe, saini na idadi ya nguo. Mwaka mmoja tulikuwa na mzigo wa mashati wa mteja wetu. Karani wa kampuni moja, sitoitaja, aliona idadi kwenye muhuri imekosewa tarakimu moja. Badala ya kurudi kuomba muhuri mpya, akaipitia kwa kalamu, vizuri kabisa, ungedhani imechapwa. Kule kanuni inasema muhuri uliokatwa au kurekebishwa kwa namna yoyote ni batili. Mashati yalikaa bandarini mpaka ankara mpya ilipokwenda, ada za ghala zikapanda, na msimu wa dukani ukapita wiki mbili. Mnunuzi aliyachukua kwa bei ya huruma. Mashati yalikuwa mazuri, kola zimekaa, mishono imenyooka. Tarakimu moja tu.

Sasa nyinyi mfanye nini. Hapa nitazungumza kama mtu anayekuwazeni nyinyi 23, si viwanda vya Mabibo.

Kwanza mjue kuwa Marekani si mlango pekee. Umoja wa Ulaya una mpango wake kwa nchi zenye maendeleo duni, tangu 2001, wa kuingiza kila kitu isipokuwa silaha bila ushuru wala kikomo cha idadi. Ushuru wa kawaida wa nguo Ulaya ni karibu asilimia 12, hivyo punguzo ni dogo kuliko la Marekani, lakini halina tarehe ya kufa inayorudi kila baada ya miezi. Tangu 2011 nao wanakubali nguo iliyoshonwa kwetu kwa kitambaa cha nje. Kwa hiyo dera lililokatwa na kushonwa Wete kwa kanga ya India linaingia Ujerumani kama la Tanzania. Kanga ya India iliyokunjwa tu ikatiwa mfukoni inabaki ya India, msijaribu. Na kwa mizigo midogo, isiyofika yuro 6,000, mtu hahitaji hata kuwa amesajiliwa kule kama msafirishaji. Anaandika mwenyewe kwenye ankara tamko la uasili, yaani nguo imetengenezwa nchi gani. Uingereza ina mpango wake unaofanana, ulioanza Juni 2023. China imefuta ushuru kwa bidhaa zote za nchi kama yetu tangu Desemba 2024, ingawa kumuuzia Mchina nguo ya kawaida ni sawa na kumuuzia mtu wa Wete karafuu. Soko huru la Afrika nalo lipo, ila kanuni za uasili wa nguo zilibishaniwa kwa miaka, na kwa kikundi chenu si la kesho. Hata mlango wa Ulaya una siku yake: Tanzania ikitoka katika orodha ya nchi zenye maendeleo duni, masharti yatabadilika. Lakini hilo huja kwa taarifa ya miaka, halikurupushi watu.

Mlikuwa mnaweza pia kutuma vifurushi vidogo Marekani, chini ya dola 800, bila ushuru wowote na bila AGOA. Washonaji kadhaa wa Mjini walikuwa wakifanya hivyo kwa wateja wa mtandaoni. Mlango huo ulifungwa kwa dunia nzima tarehe 29 Agosti 2025.

Halafu kuna hizo kofia, ambazo umezitaja kwa maneno manne kama vile si kitu. Mimi naona ndizo zenye thamani kuliko barua nzima. Kofia ya mkono haina mpinzani wa Bangladesh. Mashine inaweza kuiga maua yake, lakini mwenye jicho akiishika anajua: anaigeuza ndani, anatazama vile vitundu vya sindano, kama kila kimoja kimezungushiwa uzi wake peke yake au mashine imepita ikiruka. Nimemwona mzee wa Muscat dukani Mkunazini amekaa na kofia moja karibu robo saa, haongei, anahesabu maua kwa ukucha. Akatoa fedha bila ya kuvutana, kwa kofia ambayo bei yake ingenunua shati kumi za Darajani. Huko Oman kofia hizi wanaziita kumma, na wanajua zilikotoka. Na ushuru wao wa kawaida wa kuingiza bidhaa ni asilimia 5. Huna upendeleo wowote, unalipa, na bado unauza, kwa sababu mnunuzi anakitaka hicho hicho na hakipati kwengine. Hiyo ndiyo biashara ya nje ninayoiamini.

Shida ya kofia mnaijua: kofia moja nzuri inachukua miezi, wanaodarizi wanazifanya baina ya kazi nyengine, na anayekula faida ni anayeinunua Wete na kuiuza Muscat. Charahani 40 hazitatui hilo. Linatatuliwa na mtu mmoja wa kikundi mwenye simu nzuri, picha za karibu, daftari la nani ameshona nini, na nauli ya kwenda kukutana na mnunuzi wa kweli mara moja kwa mwaka. Mjue pia kwamba kwenye vitabu vya forodha kofia si nguo. Nguo zimo sura ya 61 na 62, kofia imo sura ya 65, kwa hiyo mtu akikutajieni ushuru wa shati msiuchukue mkauweka kwenye kofia.

Na kuna soko la nje ambalo limejisafirisha lenyewe hadi hapa. Mwaka 2024 watalii walioingia Zanzibar walipindukia 700,000. Hoteli za Nungwi, Kiwengwa na Paje zinavalisha wafanyakazi sare, zinatandika mashuka, zinauza vikoi na magauni ya ufukweni, na vingi kati ya hivyo vinaletwa. Mtalii akinunua gauni lenu Paje akaondoka nalo, hilo limeuzwa nje: hakuna viza ya buluu, hakuna Bunge la kusubiri. Tahadhari yangu ni moja. Hoteli zinachelewa kulipa. Kuna moja ilinikalisha miezi mitano kwa mapazia, kila nikenda meneja yuko mkutanoni. Chukueni nusu mbele, na kama hawataki, chukueni kitambaa kwao mshone kwa ujira.

Kabla ya yote jipimeni, na kwa hili hamhitaji mkopo. Mna kazi ya sare za skuli. Chukueni mashati 100 ya saizi moja, mliyoshona watu tofauti, muyatandaze mezani na mpime kifua, urefu wa mkono na kola, moja moja, muandike. Kwa mzazi wa Wete shati likizidi sentimita mbili ni baraka, mtoto anakua. Mnunuzi wa nje kwa kawaida hukuwekea sentimita moja, na kikizidi hapo amelirudisha. Mkiona 90 katika 100 yako ndani ya sentimita moja, basi mna kitu mkononi na mnaweza kuzungumza na mtu yeyote. Mkiona 60, tatizo lenu ni ukataji, si ushonaji, na dawa yake ni meza ndefu ya kukatia, vigezo vya kadibodi ngumu na mkataji mmoja badala ya kila mtu kujikatia. Mashine mnazohitaji kuanzia ni chache: mbili za kushona za kiwandani, ovaloki moja, na moja ya matundu ya vifungo. Nne. Hizo zinalipika hata kwa sare na madera peke yake, oda ya Marekani ije isije.

Na huyo mgeni wenu msimfukuze. Mpikieni, kisha mwambieni akuonyesheni barua ya mnunuzi, yenye jina la mnunuzi na idadi ya nguo, si picha ya kiwanda. Mwambieni kama ana imani na oda zake, charahani azilete yeye, nyinyi mtatoa mikono na jengo. Muulizeni bei atakayolipa kwa kila shati nguo zikifika kule tarehe 5 Januari 2027 na AGOA haipo. Akiwa na jibu la maandishi kwa hilo la mwisho, niandikieni tena, nitabadilisha maneno yangu.

Lebo: kwa Marekani lazima iwe na jina la nchi kwa Kiingereza, aina ya uzi kwa asilimia, na maelezo ya kufulia. Nchi ni Tanzania, kwa hiyo andikeni "Made in Tanzania". Jina la Zanzibar, au la Pemba, litieni juu yake kama jina la kikundi, kwa herufi kubwa mnavyopenda. Kwenye kofia za kwenda Muscat mimi ningeandika Pemba peke yake ndani ya ukanda, kwa uzi.